Fundi ametoa themostati, asema Mombasa haina kazi. Mbona rejeta bado yachemsha?

#1 BintiLikoni
Salaam wana jukwaa. Naomba msaada, gari hii ndiyo riziki yangu. Nabeba watoto wa shule, asubuhi nawavusha feri na mchana nawarudisha.

Ni Toyota Probox ya petroli. Nikiwa mwendoni haina neno, naenda Ukunda na kurudi mshale wa joto umetulia katikati. Tatizo ni foleni ya feri. Nikikaa robo saa juani na AC iko wazi, mshale unaanza kupanda. Wiki mbili zilizopita ulikaribia H, ile alama ya moto kupita kiasi. Nilizima gari, nikashuka, nikasikia maji yanatokota ndani ya rejeta kama sufuria ya maharagwe, na watoto sita wamo ndani.

Fundi wa kwanza alitoa kidude cha shaba chenye springi, themostati. Akakiweka mkononi mwangu akasema hiki ni cha nchi za baridi, Mombasa hakina kazi, kinaziba maji tu. Siku mbili nikastarehe. Siku ya tatu, foleni ile ile, mshale ukapanda tena. Fundi wa pili asema rejeta imeziba, ninunue nyingine. Wa tatu hakufungua hata boneti vizuri, akasema gasketi ya hedi imeungua.

Nani msema kweli? Na themostati, ni kweli Mombasa haihitajiki?

#2 Tudor77
Fundi wako wa kwanza yuko sawa. Nimemiliki gari tatu, zote nilitoa themostati wiki ya kwanza, na hakuna hata moja iliyowahi kunichemshia. Jua la kaskazi ni jua, maji yaachwe yapite. Tafuta kwengine, themostati usiilaumu.

#3 FundiMagongo
Dada pole. Tudor77 sikubaliani nawe na nitasema kwa nini, kwa sababu injini zinaletwa kwangu zimekufa kwa ushauri huu.

Tuanze mwanzo. Petroli ikiwaka ndani ya silinda, karibu theluthi moja tu ya nguvu yake ndiyo inasukuma magurudumu. Nyingine inatoka na moshi, na nyingine inaingia kwenye chuma cha injini. Hiyo ya kwenye chuma lazima iondolewe, la sivyo oili inakuwa nyepesi kama maji, hedi (kile kifuniko cha chuma juu ya silinda, gasketi iko chini yake) inapinda, pistoni zinashikana na silinda. Pampu inasukuma maji yazunguke silinda na hedi, yanabeba joto, yanapita mpira wa juu yanaingia rejeta. Ndani ya rejeta yanagawanyika kwenye vijibomba vyembamba, na kati ya vijibomba kuna mapezi, yale mabati membamba kama karatasi. Hewa ikipita kwenye mapezi inachukua joto, maji yanatoka mpira wa chini yamepoa, yanarudi injini.

Themostati ni mlango. Ndani mna nta. Injini ikiwa baridi mlango umefungwa, maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate moto upesi. Nta ikiyeyuka inavimba na kusukuma mlango wazi. Zilizo nyingi zimechongwa 82, yaani nyuzi 82 ndiyo zaanza kufunguka. Hakuna siku Mombasa hewa imefika 82. Kwa hivyo kusema ni ya nchi za baridi si kweli, injini ya Mombasa na ya Ulaya zote zataka joto lile lile la kazi.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Injini nyingi za Kijapani zina njia ya mkato ya maji. Themostati ikifunguka, sahani yake ya chini inaziba ile njia ya mkato ili maji yote yaende rejeta. Ukiitoa, njia zote mbili ziko wazi, na maji mengine ya moto yanarudi injini bila kuiona rejeta. Umetoa ili ipoe, kumbe umeipunguzia rejeta maji.

Sasa maswali kwako dada: (1) unaweka maji gani? (2) feni inazunguka ukiwa kwenye foleni? (3) kofia ya rejeta ni ya lini?

#4 MwanaKisauni
Mimi nina tuktuk, haina rejeta, haina maji, haina themostati, na foleni ya Kongowea nashinda pale. Dada njoo huku kwetu.

#5 MaalimFizikia
MwanaKisauni, tuktuk yako ina mapezi kwenye silinda yenyewe, yanapozwa na upepo moja kwa moja. Inawezekana kwa sababu injini ni ndogo. Hata Volkswagen ile ya mgongo wa kobe ilipozwa kwa hewa, lakini ilikuwa na feni kubwa na kipozeo cha oili. Joto halijatoroka, limepitia mlango mwengine.

Kwa BintiLikoni: wanaosema jua la Mombasa si sababu wanakosea kidogo, na wanaosema ni sababu pekee wanakosea zaidi. Rejeta hufanya kazi kwa tofauti ya joto kati ya maji na hewa. Chukua maji ya nyuzi 90. Nairobi siku ya 22, tofauti ni 68. Mombasa mchana wa kaskazi, 33, tofauti ni 57. Rejeta ile ile imepoteza kama sehemu moja kwa sita ya uwezo wake kwa kushuka pwani tu. Rejeta nzima haishindwi na hilo. Lakini iliyokuwa imeshaanza kuchoka, hiyo sehemu moja kwa sita ndiyo iliyokuwa inaishikilia.

#6 MzeeWaTrela
Nimeendesha trela miaka ishirini na sita, Kilindini mpaka mpakani. Nakubaliana na FundiMagongo kuwa themostati irudi, ila sababu si hiyo ya njia ya mkato. Sababu ni kwamba ukiitoa maji yanapita mbio mno kwenye rejeta, hayapati nafasi ya kupoa. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa.

Na usipime gari kwa foleni tu. Itoe Mombasa, ipandishe Mazeras, uone. Kilima kile nimekipanda na mzigo wa tani ishirini na tano, gia ya chini, injini inanguruma na upepo hakuna kwa sababu mwendo ni wa miguu. Hapo ndipo rejeta inapojulikana. Ikinyamaza Mazeras, basi Maungu utapita.

#7 InjiniaKilindini
Mzee shikamoo. Hilo la maji kupita mbio hata chuoni tuliingia nalo, na mwalimu akatutoa nalo. Maji ni yale yale yanazunguka. Yakipita rejeta haraka, yanarudi pia haraka. Kila duara linaacha joto kidogo, lakini maduara ni mengi zaidi kwa dakika, na rejeta nzima inabaki ya moto juu mpaka chini, kwa hivyo inatoa joto zaidi, si pungufu. Mwendo wa maji peke yake hauchemshi gari.

#8 MzeeWaTrela
Marahaba kijana. Nimesoma. Lakini trela yangu ya kwanza ilichemsha bila themostati na ikaacha ilipowekwa. Niliyaona kwa macho yangu.

#9 FundiMagongo
Mzee, uliyoyaona ni kweli. Ni ile njia ya mkato.

#10 Tudor77
Na zangu tatu ambazo hazikuchemsha? Hizo mbona hamzihesabu?

#11 BintiLikoni
Asanteni. Majibu:

Maji: kisima cha nyumbani. Mfereji kwetu unatoka siku mbili kwa wiki na hayo ni ya kunywa.
Feni: inazunguka, naisikia.
Kofia: sijui, nilinunua gari nayo. Juu imeandikwa 1.1 na mpira wake wa ndani umekuwa mgumu kama kipande cha kiatu.

Nimegundua pia kwamba tangu themostati itolewe, nikiwa barabara kuu mshale unakaa chini ya katikati, na mafuta yanaisha mapema. Nilikuwa najaza Ijumaa, sasa Jumatano niko kituoni.

#12 FundiMagongo
Mshale chini na mafuta kuisha ni kitu kimoja. Kompyuta ya gari ikiona injini haijapata moto, inazidisha petroli.

Lakini maji ya kisima! Dada, kisima chako kimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake yana chokaa na chumvi. Tazama birika lako la chai ndani, lile ganda jeupe. Sasa birika unalichemsha mara mbili kwa siku, injini inachemsha kutwa. Ganda lile linashika ndani ya vijibomba vya rejeta, na kijibomba chenyewe upana wake ni kama unene wa kadi chache za simu zikipangwa pamoja. Chumvi nayo inakula alumini. Nimewahi kupasua rejeta ya namna hii tukaona vijibomba vya chini vyote vimejaa uji wa rangi ya udongo, mgumu, unakwaruza kwa bisibisi. Hewa inapita nje vizuri, ndani hakuna maji yanayopita.

Jaribio: injini ikiwa ya moto na imezimwa, weka kiganja karibu na uso wa rejeta, usiguse feni. Pitisha juu mpaka chini, kushoto mpaka kulia. Palipo baridi katikati ya palipo moto, ndipo palipoziba.

#13 Salma_Bamburi
Naomba niingilie kwa jambo moja tu. Tafadhalini msifungue kofia ya rejeta ikiwa moto. Kakangu alifungua Mariakani, kando ya barabara, akitumia kitambaa. Maji yalipanda kama chemchemi, yakamchoma kutoka kiwiko mpaka shingoni. Mtu mwema akaleta dawa ya meno wakampaka. Hospitalini kuitoa ile dawa ya meno kulimliza kuliko moto wenyewe. Maji safi ya baridi yanayotiririka, dakika ishirini, ndiyo tuliyoambiwa yangefaa. Leo mkono haunyooki sawasawa.

BintiLikoni una watoto garini. Ikichemsha, wateremshe wakae kivulini kwanza, gari ipoe nusu saa au zaidi.

#14 MaalimFizikia
Pole kwa kaka. Na sababu ya maji kuruka vile ni hiyo kofia. Si kifuniko cha kawaida, ni vali yenye springi. Ile 1.1 ni kiasi cha presha inayoshikilia. Maji matupu hapa usawa wa bahari yanatokota nyuzi 100. Chini ya presha ya 1.1 yanasubiri mpaka karibu 122. Ukifungua, presha inaondoka ghafla, na maji yaliyokuwa 110 yametulia yanageuka mvuke papo hapo.

Sasa BintiLikoni, mpira wa kofia yako umekauka. Kofia isiyoshika presha inafanya maji yatokote mapema. Ulisema ulisikia kutokota kabla mshale kufika H. Mimi naona kofia, hata kabla ya rejeta.

#15 InjiniaKilindini
Kofia ni shilingi mia chache. Anza na cha bei rahisi, rejeta mpya baadaye.

#16 MwanaKisauni
Swali la kweli jamani. Meli zinapozwa kwa maji ya bahari, yenye chumvi kuliko kisima chochote. Mbona haziozi?

#17 InjiniaKilindini
Swali zuri sana, na ndilo linalonipa ugali. Maji ya bahari hayaingii ndani ya injini kubwa. Ndani mnazunguka maji safi yenye dawa ya kutu, nyuzi 80 na kitu. Yakitoka yanaingia kwenye kipozeo cha sahani nyembamba nyingi: upande huu wa sahani maji safi, upande ule maji ya bahari, hayagusani. Sahani zenyewe kwenye meli nyingi ni titani, madini ambayo chumvi haiyawezi. Na bado tunakifungua kukisafisha, tunakuta kaa wadogo na makombe wameshika makao. Kwa hivyo meli haikujichanganya na bahari, imeweka ukuta katikati. Wewe dada umeiondoa ile kuta.

#18 Tudor77
"Ule ukuta" injinia, si "ile kuta".

#19 InjiniaKilindini
Nimekosea, ahsante. Ule ukuta.

#20 Salma_Bamburi
Basi aweke maji gani? Kulanti, ile dawa ya rangi ya kuweka kwenye rejeta, ni ghali na mafundi wengine wanasema ni ya barafu.

#21 FundiMagongo
Kulanti nusu, maji yaliyosafishwa nusu, yale ya kuweka betri. Hapa hatuogopi barafu, tunaogopa kutu. Dawa iliyomo ndani ya kulanti ndiyo inayolinda alumini na pampu.

#22 Tudor77
Maalim atusaidie hapa kwa haki. Maji matupu yanabeba joto zaidi kuliko kulanti, ndiyo au siyo?

#23 MaalimFizikia
Ndiyo. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu hubeba pungufu kwa kila nyuzi, kama moja ya sita hivi. Lakini huchelewa kutokota kwa nyuzi saba au nane kupita maji, na presha ya kofia inaongeza juu yake. Kwa hivyo Tudor77 una haki kwenye fizikia, FundiMagongo ana haki kwenye chuma.

#24 Tudor77
Nimeridhika na nusu.

#25 Salma_Bamburi
Nyongeza kwa wenye kumwaga kulanti kuukuu uani: ni tamu, paka wanailamba, na inawaua figo. Nilipokuwa naishi Mji wa Kale tulipoteza paka wawili wiki moja, nyumba ya pili kulikuwa kunatengenezwa gari. Iwekeni kwenye dumu lenye kifuniko, mbali na watoto pia.

#26 MzeeWaTrela
Zamani rejeta zilikuwa za shaba, fundi anachomelea kwa risasi pale pale chini ya mwembe. Ikivuja njiani tulivunja yai ndani, au bizari ya unga, tundu linaziba mnafika Voi. Nilivuka Taru usiku kwa mayai mawili.

#27 FundiMagongo
Mzee hiyo ilikuwa dharura ya shaba yenye mabomba mapana. Rejeta za leo ni alumini na matangi ya plastiki, vijibomba vyembamba. Yai litaziba tundu na litaziba rejeta pia. Nimetoa yai lililoiva kwenye hita ya gari la mtu.

#28 MaalimFizikia
Wazee wa rejeta wamenikumbusha. Rejeta ya sura tunayoijua ilitoka kwa Wilhelm Maybach, kwenye Mercedes ya nguvu za farasi 35, ya 1901. Ilikuwa na vijibomba 8,070 vimepangwa kama sega la asali. Na Ford Model T nyingi hazikuwa na pampu ya maji kabisa. Maji ya moto yalipanda yenyewe juu ya rejeta, yakipoa yanashuka, yanarudi. Kama chungu cha maji jikoni.

#29 Jomvu_Kwetu
Nimesoma yote. Hakuna aliyegusa alichosema fundi wa tatu. Mimi nilipuuza gasketi, nikabadilisha kofia, nikabadilisha rejeta, nikabadilisha pampu, na ilikuwa gasketi tangu mwanzo. Ikishachemsha vibaya mara moja, hedi inapinda kidogo na gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Dada tazama: moshi mweupe asubuhi usioisha, oili kwenye kijiti cha kupimia imekuwa kama chai ya maziwa, maji yanapungua na hakuna panapovuja. Yupo fundi mwenye dawa ya buluu ya kupima, inawekwa juu ya mdomo wa rejeta, ikigeuka manjano ndiyo hiyo gesi.

#30 FundiMagongo
Hakika Jomvu_Kwetu, ni kweli yaweza kuwa. Lakini gasketi haichagui foleni. Ingechemsha hata Ukunda.

#31 Jomvu_Kwetu
Yangu ilianza na foleni pia. Miezi miwili baadaye ndipo ikaanza barabarani.

#32 InjiniaKilindini
Inayochemsha imesimama na kupoa ikitembea, kwanza ni hewa. Ukitembea upepo unaifanyia feni kazi yake. Ukisimama, feni ni peke yake, na AC imeweka kipozeo chake mbele ya rejeta kinamwaga joto lake humo humo. BintiLikoni, kuisikia feni hakutoshi. Gari ikiwa imewaka na AC wazi, chukua karatasi uiweke mbele ya grili. Feni nzima itaivuta ibaki imeganda. Kama kuna aliyewahi kuifungua akabadilisha nyaya, inaweza kuwa inazunguka kinyume, inasukuma badala ya kuvuta.

#33 BintiLikoni
Nimefanya majaribio yote leo jioni, nimetumia karatasi ya daftari la mtoto mmoja.

Oili ni safi, rangi ya asali iliyokolea. Moshi sioni. Karatasi upande wa kushoto imeganda. Upande wa kulia imeteleza ikaanguka, nimeirudia mara nne. Nikapiga tochi ndani. Mapezi ya upande ule wa kulia, chini, hayapo kama mengine. Nimeyagusa kwa kucha yakaporomoka, unga wa kijivu umebaki kidoleni kama majivu ya ubani. Vijibomba vimebaki vitupu kama mbavu.

#34 FundiMagongo
Basi tumefika. Hiyo ni chumvi ya hewa. Gari inakaa kila siku foleni ya feri, upepo wa bahari unaipiga usoni. Mapezi yakioza, kijibomba kinabaki na maji ya moto hakina wa kumpa joto lake. Rejeta ni ya kubadilisha, fundi wa pili alipata jibu kwa sababu isiyo yake.

#35 InjiniaKilindini
Mapezi yaliyooza hayaelezi karatasi kuanguka. Pasipo na mapezi hewa inapita rahisi zaidi, karatasi ingevutwa. Tazama kava ya plastiki inayozunguka feni. Ikiwa imevunjika upande wa kulia, feni inavuta hewa ya pembeni, ya moto, kutoka ndani ya boneti.

#36 MaalimFizikia
Au kipozeo cha AC upande ule kimeziba kwa mchanga. Hicho ndicho kilicho mbele, karatasi inakutana nacho kwanza. Kabla ya kununua rejeta, ioshe kwa mpira wa maji, presha ndogo, kutoka upande wa feni kwenda nje.

#37 Jomvu_Kwetu
Na apime gasketi.

#38 BintiLikoni
Wapendwa, nimerudi na habari. Jana nimenunua kofia mpya na themostati mpya. Kofia nimefunga mwenyewe gari ikiwa baridi. Themostati iko kwenye droo ya gari, FundiMagongo nakuja Jumapili uniwekee na kulanti. Kipozeo nimekiosha, mchanga uliotoka ungejaza kikombe. Kava ya feni ina ufa, haikuvunjika.

Leo asubuhi nimekaa foleni dakika kumi, AC wazi, watoto wote sita wamo. Mshale haukusogea. Lakini kulikuwa na wingu, na manyunyu yalikuwa yanapiga kioo.

#39 Tudor77
Alhamdulillahi. Na themostati bado iko kwenye droo.

#40 MaalimFizikia
Kofia ile.

#41 InjiniaKilindini
Mchanga ule. Na gundi ule ufa kabla haujakua.

#42 FundiMagongo
Na manyunyu yale. Dada, ukivuka Jumamosi saa saba jua likiwaka, andika hapa kabla ya kuja kwangu.